Nafasi Thelathini

Alhamisi, Ghala, saa nane mchana.
Nje lami inalainika, ndani viyoyozi vinakoroma,
na mkurugenzi kesha agiza halwa
ya kusherehekea toleo la Jumapili.

Mwaka wa kwanza wa uongozi wangu, niungame,
nilitundika ubao ukutani:
nani kanasa kasoro ngapi wiki hii.
Nikadhani nafuga wawindaji.
Nilifuga waokota makombo:
nukta iliyosahauliwa,
kitufe kilichokwenda upande unywele mmoja,
buluu isiyokuwa buluu ya jana,
kila chembe na ripoti yake,
huku ghorofa ya juu waandishi wa programu
wakituita mashangazi wa harusini,
tumekuja kuhesabu sahani.
Mfumo ukatoka. Siku ya tatu ukaanguka.

Ubao nikaushusha.
Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya.
Nikapandisha meza zetu juu,
nikazibana ubavuni mwa Azzan, asiyependa kuulizwa,
nikamwambia: utatuzoea, au sisi tutakuzoea.
Na kila Alhamisi nikawapa watu wangu saa moja
isiyo na orodha, isiyo na hesabu,
waupapase mfumo kama mtu akaguavyo nyumba ya kupanga:
fungua bomba, gonga ukuta, nusa kabati.

Ndani ya saa hiyo, leo, Jincy wa Kottayam
kanigeukia na kiti chake kizima:
"Dada Thuwaiba, humu kila mteja anaitwa Jaribio.
Jaribio wa Kwanza, Jaribio wa Pili.
Samail kuna ukoo wa Jaribio?
Nipe majina ya watu."

Nikampa la shangazi yangu,
Zamzam bint Humud bin Said bin Mbarak,
na la jirani yake wa mlango wa tatu,
Zamzam bint Humud bin Said bin Khalfan,
ambao barua zao hupotezana tangu mimi mtoto.
Jincy akayaandika yote mawili.
Mfumo ukameza wawili, ukatema mmoja:

Zamzam bint Humud bin Said bin

Kisu kimepita hapo, nafasi ya thelathini.
Bin inaning'inia. Bin nani? Bin hewa.
Na deni la jirani likahamia kwa shangazi,
rial arubaini na mbili na baisa mia sita,
na chini yake amri: bomba lifungwe, Julai mosi.

Naijua Julai ya Samail.
Maji ya tangi la juu hubabua mkono,
na bado unayapokea kwa bismillahi.

Mkurugenzi kwenye simu: "Jina tu hilo. Wako wangapi?"
"Wawili ninaowajua. Mfumo una laki tatu nisiowajua."
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni mwake.
"Halwa imeshalipiwa."
"Halwa haiozi upesi."

Nilijiandaa kupigana na Azzan.
Alitazama skrini muda mrefu, kisha akasema:
"Thelathini niliiweka mimi. Mwaka juzi, usiku.
Sikumuuliza mtu. Ilinijia tu."
Ripoti sikuandika wakati ule.
Nilimvutia kiti karibu na Jincy,
nikaenda kuwatafutia chai ya karaki.

Toleo likatoka Jumanne.
Hakuna aliyetupongeza kwa bomba ambalo halikufungwa;
shangazi mwenyewe alinipigia kunilaumu
kwamba simtembelei.

Sasa nafasi ni mia mbili.
Suleyum, kijana wa mafunzo, anatajia ukoo wake,
baba, babu, baba wa babu, hadi kabila,
Jincy anaandika kwa vidole viwili,
na kila anapodhani amefika mwisho
Suleyum anacheka, anainua mkono:
ngoja, yupo mwingine.