Mchoma Ngoma

Basi lilikuwa na viti ishirini na sita.
Ofisa utamaduni akasoma karatasi mbele ya ofisi ya kata:
wachezaji kumi na sita, wapigaji saba,
kiongozi, dereva, na yeye mwenyewe.
Nikauliza: na anayezipasha ngoma moto?
Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.
Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Basi nikabaki Kitangari
na rundo langu la nyasi kavu,
na kibiriti mfukoni mwa shati.

Jumamosi usiku kitongoji kizima tulikuwa dukani kwa Mchopa,
tumekalia magunia ya korosho ambazo mnada umezikataa.
Televisheni imefungwa mezani kwa mpira wa baiskeli
isije ikaanguka watu wakishangilia.
Mubashara kutoka Ikulu.
Kwanza tukaonyeshwa bustani.
Bibi Somoe akasema: majani yote hayo, na mbuzi hata mmoja!
Ikapita beni ya polisi, ikapita kwaya,
akapita mgeni wa taifa akinywa maji kidogo kidogo,
sisi wa Newala tukayatazama yale maji.

Kisha wetu.
Fulana nyeupe, khanga mpya za rangi moja,
tukashindwa kuwatambua watu tuliozaliwa nao.
Yule Fransiska! Siye, Fransiska ana mwanya.
Akacheka, mwanya huo,
duka likapiga kelele mpaka mizani ikatikisika.

Mfaume akalipiga likuti.

Likuti lile nalijua
kama mtu ajuavyo kikohozi cha mwanawe usiku.
Lililia mbichi.
Lililia kama papai bivu likianguka mchangani.
Chinganga nacho, mdogo wake, kikamjibu kwa mafua.
Hawakuwasha moto.
Baadaye Mfaume alinieleza kwa simu:
askari aliuliza, moto? hapa?
wakaziegemeza ngoma kwenye jenereta,
wakazigeuzageuza kama mihogo,
lakini jenereta lina joto la mafuta,
ngozi ya paa hailisikii.

Na viuno. Waliambiwa wapunguze viuno.
Kiuno kinapunguzwaje, ni chumvi?
Fransiska alicheza kama mtu abebaye ndoo iliyojaa,
naye mtangazaji akasema juu yao, kwa sauti ya krimu,
ngoma ya asili kutoka mikoa ya kusini,
asitaje sindimba,
asitaje hata kilima chetu kimoja.
Mgeni akapiga makofi, nyuma ya mdundo kwa hatua moja.
Dakika nne. Kisha tangazo la magodoro.

Duka likanyamaza.
Mchopa akajifanya anahesabu viberiti.
Bibi Somoe akanigeukia:
wewe, Mfaume anakusikia?
Hanisikii, bibi.
Hata ukiita?
Hata nikiita.
Basi washa.

Nikatoka uani, nikamwaga nyasi, nikawasha.
Zikashika mara moja, za Oktoba hizo,
mwanga ukaingia dukani ukakaa juu ya kioo
hata magodoro yakawa hayaonekani.
Hapakuwa na ngoma ya kupasha.
Watu wakatoka mmoja mmoja,
wakanyoosha mikono juu ya moto,
wakaigeuza, kiganja, mgongo, kiganja,
kama nifanyavyo mimi na ngozi.

Ilipokaza tukawapigia wetu makofi.
Yalilia vizuri.