Nusu ya Jina

Gerezani, nyuma ya wachomelea mageti,
Bwana Lyatuu alifungua kifurushi juu ya fuawe yangu.
Alikikuta chini ya sakafu ya Haisi
iliyoshuka bandarini wiki ile kutoka Yokohama,
pamoja na mwavuli uliovunjika
na sarafu yenye tundu katikati.
Gazeti lilikuwa la kwenu. Sikuweza kulisoma.
Ndani yake chuma, kirefu kuliko mkono wangu,
kimepinda kidogo kichwani
kama mtu anayetaka kuuliza swali.
"Nikatie majambia mawili," akasema.
"Moja la meza ya ofisini, moja la mkwe."

Nasema nawe uliyekifua,
ambaye mifupa yako sasa ni udongo wa mahali nisipopajua.
Nimefua masime kwa springi za Fuso,
nimefua patasi kwa vipande vya reli.
Naijua sauti ya chuma kinapodanganya.
Chako nilikigonga kwa ukucha,
kikaitika,
kikaendelea kuitika,
hata Hamduni akazima grainda asikilize.

Kijana wa duka la bolti alitafuta kwenye simu:
kilikaa juu ya mti mrefu, akasema,
cha kuwafyekea farasi miguu.
Farasi! Nimewaona wawili maishani mwangu,
na wote walikuwa wa polisi.

Nikautazama mkia, ule unaoingia mpinini.
Matundu mawili ya msumari:
moja la zamani, moja la zamani zaidi.
Na ukingoni kabisa, herufi ya jina lako,
kichwa kipo, miguu haipo.
Imefyekwa.
Kumbe mimi si wa kwanza.
Fimbo ya mbali haiui nyoka:
hata kwenu kuna aliyelijua hilo,
akashika msumeno, akakifupisha
vita viliposogea karibu na mlango.

Moto sikuwasha.
Kando ya makali palikuwa na ukungu mweupe,
unapanda na kushuka
kama pindo la kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka.
Ningekitia kwenye mkaa, ungekufa.
Grainda nayo inachoma.
Basi nikakata kwa mkono,
Hamduni akimwagia maji kwa kopo la maziwa,
siku tatu, nyembe kumi na moja za msumeno,
na Lyatuu akipiga simu kila adhuhuri.
Sikujua kama nilikuwa nachinja
au nakata kitovu.

Ncha ikawa jambia la kwanza, tumbo likawa la pili.
Mipini ya mpingo. Ala za ngozi ya mbuzi.
Akalipa, akahesabu chenji mara mbili.
"Na hiki kipande cha mkia, bosi?"
"Tupa," akasema.
Nikashika tupa.

Chuma cha mkia ni laini, wewe wajua,
hakikuumbwa kukata, kiliumbwa kushikwa.
Nimemtengenezea Siwema kisu cha machungwa,
kifupi, upana wa vidole viwili.
Nusu ya jina lako nimeifunika kwa mpini,
sikuipitishia hata msasa.
Anakaa Mtaa wa Lindi na beseni lake,
ganda linashuka refu, moja, halikatiki,
wateja wanasubiri waone litafika wapi.
Makali hayadumu. Kila asubuhi nayanoa
kabla chai haijachemka,
naye hunisimamia mkono kiunoni:
"Kisu gani hiki kinachodeka?"

Jana Lyatuu amepiga tena.
Kuna uchafu kwenye jambia, fundi,
kando ya makali, kama pumzi kwenye kioo,
amesugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa petroli,
hautoki.
Nikamwambia aache, asisugue.
Si uchafu.
Ni maji kiliyokunywa siku ya kwanza.