Toka, Usijifute

Kabla ya kunyoa nywele na kuvaa vazi la waridi
nilikuwa mwokotaji kule Mogok,
mmoja wa wanawake wanaoinama pale mfereji unapomwaga
changarawe ambazo wenye mgodi wamekwisha kuzipekua.
Kwa desturi ya kule, makombo ni ya wanawake.
Ukipata yakuti sawa na punje ya mtama, ni yako.
Ukipata mgongo mbovu, ni wako pia.

Leo nimekaa. Mvua yapiga bati tangu saa tisa ya usiku.
Pumzi yaingia puani, yatoka puani.
Mwanzo ni makelele tu: goti, mbu, deni la mchele,
Thiha.
Mwanangu Thiha Zin, aliyefukiwa na ukuta wa shimo
akiwa na kiatu kimoja mguuni.
Kisha pumzi yawa nyembamba, yawa uzi,
uzi wawa weupe, kama taa nyuma ya bakuli la maziwa,
nami nazama.

Miezi minane nilizama hivyo,
na nakiri: nilikuwa najificha.
Kule chini hakuna jina la mtu.
Nikamwambia Daw Sumitta, "Mama, nimefika."
Akacheka, mapengo yote nje:
"Umefika wapi? Umelala kwenye godoro la kifalme.
Amka humo humo, uchunguze limejazwa nini."

Humo humo? U Indaka alikataa.
Aliyezama hana jicho la pili, alisema;
atoke kwanza, ndipo akague alikotoka.
Mgeni kutoka Mawlamyine akasema la,
furaha itazamwe ingali furaha, hapo inapozuka.
Wakabishana kwa adabu mpaka chai ikapoa,
kila mmoja akimsogezea mwenzake karanga.

Mimi maandiko sikuyasoma. Mawe nayajua.
Jiwe likikauka, lote ni kijivu,
yakuti na kokoto ya barabara huwezi kuzitenga.
Likiwa limelowa ndipo rangi husema.
Lakini maji ukiyavuruga
hata mkono wako mwenyewe huuoni.
Basi nikajipa neno langu, si la kitabu:
toka, usijifute.
Inua kichwa tu, matone yangali yanadondoka,
tazama, kisha rudi.

Nikaitazama raha.
Nilidhani ni bonge moja, kama samli iliyoganda.
La. Ni punje, na punje, na punje,
kila moja yawaka na kuzimika
kabla sijawahi kuiita yangu.
Utulivu nao, punje.
Nikageuka nimshike huyu anayetazama,
mwokotaji, fundi, mama wa marehemu,
naye akamwagika kwenye karai pamoja na wengine.

Hapo niliogopa. Nisifiche.
Mikono ilikuwa ya baridi, kinywa kimekauka.
Thiha akaja, si kwa sura,
kwa harufu ya tope bichi.
Nilitaka kuzama mbio, nisimwone.
Sikuzama. Sikumfukuza.
Majonzi yakapita mbele yangu yakiwa yamelowa,
rangi yake wazi, nyekundu kabisa,
na katikati ya chembe moja na nyingine
palikuwa na nafasi
ambayo kwa miaka sita sikuwahi kuiona.

Sisemi yamekwisha.
Kesho yake nililia juu ya uji.

Gogo la alfajiri likagongwa.
Daw Sumitta hakuniuliza nimeona nini,
aliuliza kama paa linavuja kwangu.
Linavuja. Tukasogeza mkeka, tukatega sufuria.
Kisha tukashuka na mabakuli yetu, msururu wa waridi,
mvua imekatika, jua bado changa,
na njia nzima ya changarawe ilikuwa inang'aa.

Nikainama kidogo.
Mazoea.