Kwa Mkono Wake

Ulizitengeneza mashine za taipu za mji mzima wa Zittau,
Ortwin: za shule, za posta, ya mchungaji,
ile ya mjane Pfennigwerth iliyokuwa imemeza sindano.
Ulizipaka mafuta kwa unyoya wa bata,
na herufi iliyolegea uliijua kwa mlio.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka.
Kwanza kijiko, kisha vifungo vya shati,
kisha kalamu. Mwandiko wako ukatambaa
kama sisimizi aliyetoka kuogelea katika wino.
Uliuonea haya. Uliandika kwa kificho,
ukafinyanga karatasi, ukaitia jikoni motoni.

Ndiyo maana Jumapili ile ya theluji
ulikaa mbele ya mashine yako mwenyewe, ile ya kijani,
ukaupiga wosia. Nilikuwa namenya viazi.
Nilisikia kila neno likishuka, tak, tak,
na kikengele mwisho wa kila mstari.
Kurasa mbili, pasipo kosa hata moja:
nyumba, karakana na vyote vilivyomo
namwachia Hedda Quandt, niliyeishi naye
miaka ishirini na sita bila cheti, bila majuto.
Ukatia sahihi. Hiyo ilichukua dakika nzima;
nilikushikia karatasi isiteleze.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sisi daftari tulikuwa nalo.
Habari nazo zilikuja, katika bahasha ya manjano.

Hakimu alikuwa mama mpole mwenye mafua.
Aliusoma mara mbili, nikaona umempendeza.
Kisha akasema sheria ya hapa yataka wosia wa nyumbani
uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe,
tangu neno la kwanza hadi jina la mwisho,
ama sivyo utolewe mbele ya mthibitishaji.
Huu uliopigwa taipu ni karatasi tu.
"Na sahihi yake?" niliuliza.
"Sahihi ni yake," akasema, akipenga kamasi,
"ila wosia si sahihi."

Detlef, mpwa wako, akaja kutoka Kassel na futi ya kupimia.
Si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni.
Alinipa hadi mwisho wa Aprili.
Alipima jikoni, akapima karakana,
akapima nafasi iliyo kati ya kitanda na dirisha,
pale ulipoangukia,
akaandika namba.

Siku ya kufungasha vyombo nilivuta friji.
Nyuma yake, pamoja na sumaku, palikuwa na kipande cha karatasi.
Sisimizi wako, wanapanda, wanashuka:
Hedda, nimekwenda kwa daktari wa macho.
Nunua mkate, betri za redio, siki.
Usisahau siki.
Tarehe kumi na nne Novemba. Ortwin Lausch.
Jina lote, kama kawaida yako,
utadhani nyumba hii ilikuwa na Ortwin wawili.

Nikakaa pale pale, sakafuni.
Kumbe uliweza. Mkono ule ule ulioudharau,
kalamu ya risasi, tarehe, jina kamili.
Kila alichokitaka hakimu kilikuwapo,
ila kilihusu siki.

Sasa ninakaa chumba kimoja juu ya duka la miwani.
Mashine ya kijani ninayo; Detlef alisema
nichukue tu, haina bei.
Jana nimeandika wosia wangu kwa kalamu ya wino:
mashine apewe Friederike wa ghorofa ya chini,
anayekuja kuibonyeza akitoka shule,
na akiba yangu ya benki, kidogo ilivyo, imfuate.
Nikampelekea mthibitishaji aukague.
Nikalipa. Nikadai risiti.

Mstari wa tatu umepinda, Ortwin,
mkono wangu nao umeanza.
Sikuurudia.