Hodi ya Unyasi

Kwenye mikorosho ya Kampong Thom,
jua halijapata makali,
natafuta mlango usio na bawaba:
tundu la upana wa kikombe cha chai,
kingo zimetandikwa hariri,
na nyuzi mbili tatu zimelazwa nje, juu ya majani makavu.
Ndizo kengele zake.

Chini huko, urefu wa mkono wangu hadi begani,
amekaa mwenye nyumba.
Sisi twamwita aping.
Mweusi, magotini ana michirizi myeupe,
meno mawili kayakunja kama visu vya mfukoni.
Haendi sokoni. Haendi kwa jirani.
Chakula humjia chenyewe, kikijikwaa.

Mume wake hana nyumba.
Mvua za kwanza humtoa kutembea,
mwembamba, miguu tupu, mwaka wake wa mwisho,
na akifika hagongi ovyo:
anapiga ardhi, anatulia,
anapiga tena.
Hata buibui ana adabu ya hodi.

Hodi hiyo ndiyo ninayoiiba.
Unyasi mmoja, nautia mate, naugusisha uzi.
Ta. Ta-ta.
Nangoja.
Anapanda kama anayemjua mgeni wake,
na jembe langu linamkatia njia ya kurudi.

Mama ndiye aliyenipa mkono huu,
naye alifundishwa na njaa.
“Usigonge kwa haraka,” husema,
“mwenye haraka huogopwa.”
Waliokuja kumwita baba hawakuwa na haraka.
Walisimama chini ya ngazi, sauti laini:
Ndugu Sarun, shuka kidogo, kuna mkutano.
Akajifunga kitambaa shingoni, akashuka.
Hakuchukua hata kandambili.
Mimi nilikuwa tumboni, miezi saba.
Uji wake, mama anasema, aliula yeye alfajiri,
ukiwa baridi, kwa ajili yangu.

Leo nimepata kumi na tisa.
Kimleng hununua kwa idadi;
aliyevunjika mguu ni nusu bei.
Skuon watakaangwa kwa kitunguu saumu na sukari,
wageni watapiga kelele, watapiga picha,
watang'ata mguu mmoja.
Nami nitapunguza deni la pampu.

Wa ishirini aliugusa unyasi wangu,
akaushika, taratibu,
kama mtu anayepima kitambaa dukani.
Kisha akauachia, akashuka.
Sikuchimba.
Si huruma. Mgongo uliniuma.

Usiku Kimleng kachelewa. Anagonga:
mara moja, ananyamaza, mara mbili.
Mama anatoa mkono bakulini,
anapuliza taa,
anarudi nyuma ya pazia, magoti kifuani.
“Ni Kimleng tu, Mama.”
Hajibu. Wala simsikii kupumua.

Napapasa kuelekea mlangoni.
Gizani, ndani ya ndoo,
kumi na tisa wanakwaruza bati.