Chembe Chini ya Rangi

Msimu wa malipo ya korosho, simu za Masasi hushikwa na homa.
Wanakuja gereji kwangu, Mkuti, nyuma ya mashine ya kukoboa,
hawana bodi ya kunyoosha, wana picha:
"Fundi, hebu itazame hii."

Naitazama.
Hii usukani uko kushoto, na mlima wa nyuma una weupe
ambao si wa unga.
Hii muuzaji anasema yupo Shangani, Mtwara mjini,
ila kibao cha duka kwenye kona ya picha
kina maandishi ambayo Shangani nzima haina wa kuyasoma.
Hii imetembea kilomita elfu arobaini,
na pedali ya breki imelika
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Hii bei ni nusu ya bei.
Bei ikikukonyeza, jiulize imekujulia wapi.

Hii namba imezibwa kwa kidole gumba.
Nakikuza kile kidole. Kucha safi,
kucha ya mtu asiyewahi kufungua boneti.

Na ujumbe ni uleule, kama kibali cha mazishi:
*Nimehamishwa kikazi ghafla. Gari lipo kwa shemeji.
Tuma laki tatu tu nikushikilie,
kuna mtu wa Ruangwa anatoka alfajiri.*
Huyo mtu wa Ruangwa!
Mwaka wa nne huu anatoka alfajiri,
hajafika bado.

Chinguile alituma.
Akapanda basi, akazunguka Shangani toka asubuhi hadi adhana ya magharibi
akiulizia nyumba ya shemeji.
Mashemeji aliwapata, hata maji walimpa.

Jumanne akaja Bi Somoe Nachihangu,
simu ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na stakabadhi za ghala.
Mikorosho sabini na tatu, na magunia aliyoyashona mwenyewe,
anataka Noah, mwanawe abebe watu wa Chikundi na Ndanda.
"Hii wamesema ni safi. Wewe unasemaje?"

Bei ya haki. Namba wazi.
Picha kumi na nne, zote za Lindi, mchanga wa Mitwero naufahamu.
*Ruksa kuja na fundi wako. Haijawahi kugongwa.*
Nilikuwa naanza kusema nenda mama.
Nikafika picha ya tisa, mlango wa nyuma, kushoto.
Nikaikuza kwa vidole viwili,
chini ya kitasa, chembe.
Ndogo kama yai la chawa.

Juni ililetwa juu ya lori kutoka Mbwemkuru,
ubavu umekunjwa kama chapati ya jana.
Kopo tatu za puti. Msasa mpaka usiku.
Nilipokuwa napuliza rangi ya mwisho
bodaboda ikapita kasi, vumbi likaingia,
chembe moja ikanasa, nayo rangi ikaifunika.
Nikasema: nani ataiona?
Nikalipwa. Nikanunua bati za jikoni.

Yale maneno, haijawahi kugongwa, sikuyaandika mimi.
Kitanda ndiyo, nilikitandika.

"Mbona kimya, fundi?"
Jirani alikuwa anapasua mbao, kelele ile ningeweza kuitumia,
ningesema sikusikia,
ningesema picha haina mwanga wa kutosha.

Mfukoni nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu.
Nikamwekea mkononi.
"Nenda nayo Lindi. Ibandike hapa, chini ya kitasa.
Palipo bati itashika. Hapa itadondoka.
Ikidondoka, punguza milioni mbili, au rudi na hela zako."

"Na kama haikudondoka?"
"Itadondoka."

Akaigeuza ile sumaku, mara mbili.
Simu hakuitazama tena.
Alikuwa anatazama kucha zangu,
na weupe ulioganda pembeni mwake.