Kufuli Tatu

Miaka ishirini na sita nimelala na ufunguo shingoni,
wa kabati la chuma, zahanati ya Pasua.
Mume wangu aliuzoea ubaridi wake,
akasema nyumba hii ina wake wawili.

Ndani: mafaili ya kaki, kona zimeliwa na mende,
uzito wa watoto, presha za makondakta,
mimba ambazo hazikutangazwa,
na faili la Ndeanasia, ambalo Jumanne moja
nililiacha wazi juu ya kaunta
nikaenda kuchukua chai.

Dakika nne. Chai yenyewe haikuwa hata na tangawizi.
Habari ilipanda bodaboda, yeye alikuja kwa miguu.
Alipofika Mbuyuni wateja walikuwa wanashika nyanya zake,
wananusa, wanarudisha,
wanahamia meza ya jirani.

Sasa kaja kijana kutoka Arusha, Nanyaro,
na kompyuta mpakato na soksi za rangi ya chungwa.
Mama Haikaeli, anasema, tunahamishia yote kwenye wingu.
Nikatazama dirishani, kaskazini, kwa mazoea.
Kibo haikuwepo.
Wingu lipi, nikauliza, hili letu?
Akacheka. La kukodi. Mashine ziko mbali,
chumba cha baridi, nchi ambayo hata yeye hajafika.

La kukodi. Hapo nikamwelewa vizuri mno.
Nimepanga Majengo, nimepanga Njoro,
najua mwenye nyumba huwa na ufunguo wa pili.
Hasemi. Unarudi jioni sukari imepungua kijiko
na kitabu cha benki kimelala kifudifudi.

Tunayafunga njiani, akasema, na yakifika yanafungwa tena.
Na ufunguo anakaa nao nani?
Akakuna shingo. Wao. Ni rahisi zaidi.
Ukisahau, wanakufungulia.
Anayeweza kunifungulia mimi, nikasema,
hahitaji nibishe hodi.

Nikamweleza sanduku letu la kikoba:
kufuli tatu, wanawake watatu, funguo tatu,
na sanduku linalala kwa mtu wa nne
asiye na hata mmoja.
Mwaka wa njaa lilikaa chini ya kitanda chake.
Hakupata humo hata noti ya mkaa,
wala hakuna aliyemtilia shaka.
Hiyo nayo ni zawadi.

Nanyaro akavua miwani. Akaandika, akafuta, akaandika.
Inawezekana, akasema. Tunayafunga hapahapa
kabla hayajapanda.
Kipande cha ufunguo kwa daktari, kimoja kwa mhasibu,
kimoja kwangu: maneno sita ya Kichagga
ambayo bibi alimwambia mbuzi mkaidi.
Siyaandiki. Hata hapa.

Alhamisi akaja Ndeanasia.
Miaka kumi na mmoja alikuwa akipima Boma Ng'ombe,
ambako hakuna anayemjua.
Akaliona kabati liko wazi, tupu. Faili langu?
Liko mbali, nikasema. Wanaolitunza hawawezi kulisoma.
Kama barua aliyotumwa asiyejua herufi.
Kama hiyo.
Na wewe?

Nilitaka jibu zuri. Sikuwa nalo.
Mimi naweza, tukiwa watatu.
Na chai siku hizi naletewa mezani.

Akanitazama kama mtu anayechagua nyanya,
anabonyeza polepole, anageuza, anatafuta palipooza.
Halafu akakunja mkono wa blauzi.